Sita au Nane

Yamesimama mawili nyuma ya gereji ya Verstraete,
kando ya barabara ya Kortrijk kwenda Menen,
yote rangi ya risasi, yote ya mwaka mmoja,
mapaa yamekunjwa kama vitambaa vya meza baada ya karamu.
La kushoto: silinda sita, lita tatu na nusu.
La kulia: silinda nane, lita tano kamili.
Tofauti ya bei, euro elfu mbili na mia nne.
Tofauti nyingine, anasema Verstraete, sikiliza mwenyewe.

Akaliwasha la kulia.
Godelieve akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.
Mimi nilisikia kitu chini ya mbavu,
pale pale ambapo mashine ya kukandia unga
ilikuwa ikinguruma saa nane za usiku,
miaka arobaini na mmoja,
bila kunipeleka popote.

Ukistaafu huulizwa unataka nini.
Nilijibu upesi mno: upepo.
Sikujua kuwa upepo nao huuzwa kwa lita.

Godelieve ana karatasi. Nyuma ya risiti ya duka la dawa
ameandika kwa penseli:
kodi ya nane, karibu maradufu ya sita;
bima, usiulize;
petroli, lita kumi na tano kila kilomita mia,
ukienda kwa adabu,
na wewe, Firmin, barabarani adabu uliiacha lini?
"Sita inatosha," akasema,
kwa sauti ile ile aliyowaambia wateja wetu
kwamba mkate wa jana bado ni mkate.

Tukalijaribu la sita kwanza, hadi daraja la mto Leie.
Halina kosa. Linakwenda. Linapanda.
Ukilikanyaga linafikiri kidogo, kisha linatii,
kama mwanafunzi mwema anayenyoosha mkono kabla ya kusema.
Godelieve aliniambia, bila kuinua sauti,
kwamba kitani kimechanua,
na kweli, mashamba yalikuwa bluu hadi kwenye minara.
Tukarudi. Sikuwa na la kulalamikia,
na hilo ndilo lililonisikitisha.

Kisha la nane.
Pale barabara inapoungana na njia kuu nilikandamiza mguu
kama unavyoshindilia donge lililoumuka,
na mipopla ikawa ukuta mmoja,
na kofia ya Godelieve, ile ya kijani,
ya harusi ya binti wa dada yake,
ikaondoka bila kuaga.
Hakupiga kelele. Alicheka.
Au tuseme nilimwona akicheka:
sikio langu la kulia, la upande wa mashine, lilizimika zamani,
na silinda nane zikachukua kilichobaki.
Akasema kitu. Midomo ikatembea.
"Nini?"
Akasema tena.
"Nini?"
Akapunga mkono: basi, acha.

Verstraete anasubiri, kalamu tayari.
Nimelizunguka la nane mara mbili.
Nimeweka kiganja juu ya boneti, ina joto la mkate
uliotoka tanuri robo saa iliyopita.
Nikajiambia: mzee, gari la watu wawili
ambamo mmoja hamsikii mwenzake
ni gari la mtu mmoja na mzigo.
Nikaushika ufunguo wa sita. Mwepesi. Wa busara.
Kisha, ili nifunge hesabu tu, nikamwuliza mke wangu
alisema nini kule njia kuu.

"Nilisema kanyaga."

Akaitoa tena ile risiti.
Chini ya kodi, bima na petroli akaongeza mstari:
kifaa cha sikio la Firmin.
Akajumlisha upya. Akaikunjia uso jumla.
Kisha akamgeukia Verstraete
kwa upole ule anaonunulia samaki siku ya Ijumaa,
akauliza kama bei ya la nane
haiwezi kupungua,
angalau kwa thamani ya kofia moja.